Kusi Mpaka Salalah

Saa nne za usiku, mwezi wa Julai, na mlango wa gari ulikuwa bado unaunguza kiganja. Ndivyo Muscat ilivyo wakati huu wa mwaka: jua huzama, joto likabaki. Ami yangu, aliyehamia Oman kutoka Unguja miaka ya 1970 na ambaye mpaka leo akikasirika hukasirika kwa Kiswahili, alikuwa anapakia vitu kwenye buti. Mkeka, mito, chupa ya kahawa, kikapu cha tende. Juu yake akatupia sweta mbili.

"Ami, sweta za nini na moto huu?"

"Ngoja tu, mwanangu. Kesho jioni utaniuliza ya tatu iko wapi."

Tulikuwa tunakwenda Salalah, mji mkuu wa mkoa wa Dhofar, kiasi cha kilomita 1,000 kusini-magharibi. Kila mwaka, kuanzia tarehe 21 Juni hadi 21 Septemba kwa hesabu ya serikali, watu wa Ghuba humiminika huko kutafuta kitu ambacho sisi watu wa mwambao hatujawahi kukilipia nauli: mawingu. Msimu huo wanauita khareef. Mimi nilikuwa na haja yangu nyingine. Upepo wa kusi naujua tangu utoto, unavyoanza, unavyokaza, unavyowafunga wavuvi nyumbani. Nilitaka kuona unakokwenda ukishatuacha.

Skuli tulifundishwa kwamba joto la mahali hutegemea umbali wake na ikweta. Ni kweli, ila ni nusu ya kweli. Unguja iko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta na Julai watu hutafuta shuka usiku. Muscat iko karibu na mstari wa Tropiki ya Kansa, nyuzi 23 na nusu kaskazini, na usiku wake hauna nafuu. Quriyat, mji wa pwani usio mbali na hapo, mwishoni mwa Juni 2018 ulipitisha saa 24 nzima bila kipimajoto kushuka chini ya nyuzi 42.6. Nasema chini, si juu. Haikuwa imewahi kurekodiwa popote duniani siku ambayo kiwango chake cha chini kilikuwa kikubwa hivyo.

Sababu ya kwanza iko juu angani. Hewa inayopanda kwenye ukanda wa mvua za tropiki humwaga maji yake hukohuko, kisha hurudi chini juu ya nchi kama hizi ikiwa kavu. Nayo hewa ikishuka hubanwa, na ikibanwa hupata joto, karibu nyuzi 1 kwa kila mita 100. Ndiyo maana ukifungua ramani utaona Sahara, Arabia na Kalahari zimejipanga kaskazini na kusini ya ikweta kwa umbali usiopishana sana. Muscat imeongezewa adhabu nyingine: nyuma yake imesimama milima ya Hajar, ambayo pale Jebel Shams hufika kama mita 3,000, na upepo wa bara ukishuka kutoka huko kuja pwani huongezeka joto tena njiani. Bahari ya mbele nayo haisaidii. Julai maji ya Ghuba ya Oman hupita nyuzi 30. Yanatoa unyevu, ubaridi hayana.

Tulipokaribia Nizwa ami alinyoosha kidole gizani, upande wa kulia. Huko juu, kwenye Jebel Akhdar, katika kimo cha mita 2,000, wanalima komamanga na mawaridi. Ukipanda unapoa, mtu wa Lushoto au wa Marangu hahitaji kuelezwa hilo. Sisi tulibaki bondeni na kiyoyozi chetu.

Kutoka Adam mpaka Thumrait sina mengi ya kusimulia, na anayedai anayo huenda anayatunga. Nchi ni bapa, changarawe mpaka macho yanapoishia, barabara imenyooka hivi kwamba dereva hulazimika kujisemesha asilale. Kulipambazuka tukiwa karibu na Haima. Tukanywa chai ya maziwa kwenye kituo cha mafuta, tukasali, tukaendelea. Ami alikuwa na kaseti, ndiyo, kaseti, za taarabu ya zamani, na gari lenye uwezo wa kuzipiga. Hilo ndilo jambo kubwa lililotokea katika kilomita 700.

Thumrait tulifika adhuhuri. Kipimajoto cha gari kilisoma 41. Kutoka hapo hadi Salalah ni kama kilomita 80, na barabara hupanda polepole mgongo wa Jabal Qara, mlima usiozidi sana mita 900. Upande huu wa nyuma hauna jani. Mawe ya rangi ya mchanga, vichaka vilivyokauka, anga la buluu lisilo na doa. Kisha mbele yetu, juu kabisa ya mlima, nikaona ukingo mweupe, umenyooka, hausogei. Nilidhani ni vumbi.

"Hilo ndilo lako," ami akasema. "Kusi lako hilo."

Tuliingia ndani yake ghafla. Kioo cha mbele kililowa. Ami akapunguza mwendo, akawasha indiketa zote mbili, kwa sababu gari lililokuwa mbele yetu halikuonekana tena. Kipimajoto kikaanza kushuka, 35, 30, 27, kikatulia kwenye 24. Na pembeni mwa barabara, palepale ambapo dakika chache nyuma kulikuwa na mawe matupu, kulikuwa na majani mabichi, miti imebeba maji, na ng'ombe. Ng'ombe wa kweli, wanakula nyasi, Arabuni.

Nikavaa sweta. Ami hakusema neno.

Kilichonichekesha zaidi ni watu. Kwenye uwanda wa Ittin, chini ya mlima, magari ya Emirati, Saudia na Kuwait yalikuwa yamejaa, na familia zimetandika mikeka kwenye nyasi zilizolowa huku manyunyu yakiwadondokea. Wanakula, wanapika kahawa, watoto wanagaragara matopeni kwa ridhaa ya mama zao. Kwetu manyunyu kama yale yakianza, mtu hukimbia kuanua nguo. Na harufu iliyotanda pale ilikuwa ya mishkaki, safu kwa safu ya vibanda vya mishkaki, jina lilelile, na wachomaji wanaopepea makaa kana kwamba wako Forodhani.

Sasa, ukungu ule unatoka wapi? Kuueleza inabidi nirudi nyumbani.

Kusi huanzia mbali, kusini mwa Bahari ya Hindi, upande wa visiwa vya Mascarene, ambako wakati wa baridi ya kusini hewa nzito hujikusanya. Kutoka huko huvuma kuelekea kaskazini-magharibi, hugonga mwambao wetu, na ukishavuka ikweta mzunguko wa dunia huupindisha kulia. Unakuwa upepo wa kutoka kusini-magharibi. Wakati huohuo nyanda za juu za Kenya na Ethiopia zinauzuia usitawanyike kuingia bara, kwa hiyo unabanwa na kukaza. Mwaka 1969 mtaalamu wa hali ya hewa Mwingereza, Findlater, alichapisha ramani ya mkondo huo wa hewa: uko kilomita moja hivi kutoka ardhini, unapita juu ya mashariki ya Kenya na Somalia, unakata Bahari ya Arabu, na nguvu yake yaweza kupita kilomita 90 kwa saa. Mabaharia wa majahazi hawakuhitaji ramani hiyo. Walijua kwamba anayerudi Arabuni aondoke Aprili au Mei kusi ingali changa, au asubiri mpaka demani, Agosti na Septemba, ikianza kulegea. Juni na Julai hakuna nahodha mwenye akili zake aliyetweka tanga.

Lakini upepo peke yake hauleti ukungu. Hapa ndipo bahari inapoingia. Kusi inapita sambamba na pwani ya Somalia na ya Dhofar, na kwa kuwa dunia inazunguka, maji ya juu hayafuati upepo moja kwa moja. Husukumwa kulia kwa upepo, yaani mbali na nchi kavu. Yakiondoka, ya chini hupanda kujaza nafasi, na ya chini ni baridi. Mwezi wa Mei bahari ya Salalah inakaribia nyuzi 30. Julai hushuka mpaka nyuzi chache juu ya 20. Upepo wenye unyevu wa Bahari ya Hindi nzima ukipita juu ya maji hayo hupoa kuanzia chini, na unyevu wake hugeuka wingu lililolala karibu na mawimbi. Wingu hilo hufika nchi kavu na kukuta milima ya Dhofar imekaa kama upinde, imeuelekea upepo. Linapanda mteremko. Halafu linakwama, kwa sababu juu yake kuna hewa ya moto na kavu kutoka jangwa la Rub al Khali, imelifunika kama mfuniko wa sufuria. Haliwezi kurefuka na kuwa wingu la radi. Linabaki bapa, linatoa manyunyu tu, na likivuka kilele linayeyuka. Ule ukingo mweupe niliouona kutoka Thumrait ndipo mahali linapofia.

Ndiyo maana Salalah, pamoja na ukijani wake wote, hupata kama milimita 100 na kidogo za mvua kwa mwaka. Unguja hupata kama 1,600. Kiasi chao cha mwaka mzima sisi huweza kukimaliza masika kwa siku moja mbaya.

Upepo uleule ukiendelea na safari unafika Mumbai, iliyo nyuzi 19 kaskazini, Salalah ikiwa 17. Tofauti ya latitudo ni ndogo, lakini Mumbai hunyeshewa zaidi ya milimita 2,000, karibu zote kati ya Juni na Septemba. Katikati upepo umevuka bahari yenye joto, ukabeba tena, na huko India hakuna mfuniko wa jangwa juu ya mlima. Timbuktu nayo iko karibu nyuzi 17, katikati ya bara, na mawingu ya khareef haiyajui. Mahali pamoja kwenye hesabu ya jua, maisha matatu. Na yule anayeuliza kwa nini pwani ya Somalia ni kame ilhali ikweta inapita kusini mwake, jibu ni hilihili: upepo unapita ubavuni mwa nchi badala ya kuingia ndani, na maji yaliyo chini yake ni baridi. Namibia na Chile wana majangwa ya ufukweni yenye ukungu kwa sababu ya jamaa moja na hii. Kuwa na bahari mlangoni si dhamana ya mvua.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda barabara ya mashamba. Hapo nilisimama nikacheka. Minazi, migomba, mipapai, miwa, na vibanda vya madafu vimepangana. Ungeniambia niko Bububu ningebisha kidogo tu. Maji yanayonywesha minazi ile ni yaleyale ya ukungu: yanadondoka mlimani, yanazama kwenye mawe ya chokaa, yanatokea uwandani kama chemchemi na visima. Aliyetuuzia madafu alikuwa mtu wa Kerala, na alitaka tujue kuwa ya kwao ni matamu zaidi. Ami akamwambia ya Unguja yanayapita yote. Walibishana kwa Kiarabu kibovu cha pande mbili mpaka dafu langu likaisha. Sikutaka kuwaingilia, lakini Kerala ndiko kusi inakopiga hodi India, kwa kawaida karibu na tarehe 1 Juni, kwa hiyo wote watatu tulikuwa tumelelewa na upepo mmoja.

Ibn Battuta aliiona minazi hii. Alikuja hapa akitokea Kilwa, miaka ya mwanzo ya 1330, baada ya kulala Mombasa usiku mmoja alipokuwa akishuka kusini. Kutoka Kilwa jahazi lilimleta moja kwa moja Dhofar. Aliandika habari za migomba na minazi, na akashangaa kwamba mifugo ya huku inalishwa dagaa. Dagaa hao nao ni kazi ya maji baridi, kwani yanapanda na rutuba ya kina, chakula cha samaki kinazaliana, na samaki wanafuata. Tulikwenda Mughsayl, magharibi ya mji, kuona bahari yenyewe. Mashua zote zilikuwa zimepandishwa juu. Mawimbi yalikuwa yanaingia chini ya mwamba na kufyatuka kwenye matundu kwa kishindo, maji yakiruka juu ya vichwa vya watalii waliokuwa wanapiga kelele za furaha. Mvuvi mmoja aliyekuwa anashona nyavu alituambia kwamba khareef ni miezi ya kula ulichoweka. Mavuno ni baada ya upepo kutulia.

Mlimani tulipanda na kijana wa huko, mfugaji, ambaye na wenzake walizungumza Kijibbali, lugha ambayo ami, pamoja na nusu karne yake ya Oman, hakuambulia neno. Ngamia walikuwa wameshushwa uwandani. Kwenye tope huteleza na kuvunjika miguu, na nzi huwasumbua. Ng'ombe wamebaki. Alitupeleka chini ya mti mkubwa, akatuambia tusimame tusikilize. Penye uwazi manyunyu hayakusikika. Chini ya mti kulikuwa kunanyesha: majani yananasa ukungu, matone yanakusanyika, yanaanguka. Mwaka 2006 Anke Hildebrandt na Elfatih Eltahir walichapisha utafiti juu ya msitu huu, wakionyesha kuwa miti inajichotea yenyewe maji ambayo mvua pekee isingeipa. Maana yake ni kwamba msitu ukikatwa au ukiliwa na mifugo, ukungu utaendelea kuja kila Juni na kupita bila kuacha kitu, na mche mpya hautakuwa na maji ya kukulia. Miti hapa si matokeo ya tabianchi tu; inaitengeneza. Kijana aliniambia ng'ombe wa babu yake walikuwa wachache. Wa kwao leo ni wengi, alisema kwa fahari, na mimi nikatazama matawi ya chini yaliyotafunwa nikanyamaza, kwa kuwa mgeni ni mgeni.

Tulipotoka tulivuka tena kilele kwenda Wadi Dawkah, upande mkavu, bonde ambalo tangu mwaka 2000 limo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Hapa ndipo ubani unapoota. Mti wenyewe hauna sura: mfupi, umejikunja, gome linabanduka kama karatasi. Hautaki ukungu, lakini hautaki pia kwenda mbali na milima. Umejichagulia ukanda mwembamba nyuma yake. Nilikwangua kidole kwenye tone lililoganda na nikasikia harufu ya kila maulidi niliyowahi kuhudhuria.

Jioni ya mwisho tulikula Ittin. Mwenye kibanda, mtu wa makamo, alituhadithia kimbunga Mekunu, kilichopiga Salalah Mei 2018 na kumwaga milimita 278 kwa siku moja, zaidi ya mara mbili ya mvua ya mwaka mzima. Vimbunga vya Bahari ya Arabu huja kabla ya khareef au baada yake, wakati maji ya juu yana joto. Katikati, kusi ikiwa kali na bahari imepoa, havipati nafasi. Oktoba mwaka uleule kikaja kingine, Luban, kikaingia Yemen. Kati yao viliacha madimbwi na maziwa ndani ya Rub al Khali, mahali ambapo mchanga hukaa miaka bila tone. Nyasi zikaota jangwani. Nzige wakataga, wakazaliana vizazi vitatu mfululizo bila mtu kuwaona, kwa sababu nani anaishi huko wa kuwaona? Wakaruka Yemen, wakavuka hadi Pembe ya Afrika, wakazaliana tena kwenye mvua kubwa za mwisho wa 2019, na siku chache kabla ya mwaka mpya wakaingia kaskazini mwa Kenya. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Kenya kuvamiwa namna hiyo katika miaka 70.

Ami alisikiliza yote hayo huku anatafuna.

"Kumbe nzige wale wametoka kwetu," akasema.

"Wametoka kwenu, ami. Na ukungu huu umetoka kwetu."

Akafikiri kidogo, akavuta sweta yake mabegani, akamwashiria mwenye kibanda aongeze vijiti vitano.